Karatasi moja ya ukutani: ulemavu upi unazuilika kweli, tangu mimba hadi mwezi wa kwanza wa mtoto?

Katibu_Busia aliandika:

Salaam kwenu nyote. Kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kimeombwa na VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) wa parishi kiandae karatasi moja ya kubandikwa kituo cha afya cha ngazi ya tatu, makanisani na msikitini. Ni karatasi moja tu, herufi kubwa, Kiswahili chepesi. Mpakani hapa kuna Wasamia, Wateso, Wanyole na wenzetu wa ng'ambo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha.

Rasimu tuliyo nayo imejaa "kula vizuri, hudhuria kliniki, jifungulie hospitali". Hayo kila mtu ameshayasikia mpaka hayasikii tena. Watoto wa kikundi wana mtindio wa ubongo, kichwa kujaa maji, mgongo wazi na miguu iliyopinda, na wapo waliopooza mguu mmoja baada ya kudungwa sindano. Naomba wataalamu mtuambie: kwa kila tatizo, ni kitu gani hasa kinachoharibika, kinaharibika lini, na mzazi au VHT afanye nini kabla hakijaharibika? Na kwa kuwa wazee wetu bado wanasema ni laana, tukipata na namba itatusaidia.

Mkunga_Tororo:

Ndugu Katibu, anzeni na leba. Mkibaki na nafasi ya mstari mmoja, uwe wa leba.

Mtoto tumboni anapata hewa kwa damu inayopita kwenye kondo. Kila uchungu unapokaza, mishipa inabanwa na damu inapungua. Ukilegea, mtoto anapata tena. Uchungu ukija zaidi ya mara tano ndani ya dakika kumi, nafasi ya kupumzika inakwisha na mtoto anaanza kuchoka. Ndiyo maana dawa za mitishamba za "kuharakisha" zinatisha: hakuna ajuaye kipimo chake. Sindano ya oksitosini ya kwenye msuli kabla mtoto hajatoka ni mbaya vilevile. Dripu unaweza kuifunga ukiona mambo yanaharibika, lakini iliyoingia msulini haitoki. Uniti 10 za msulini ni za baada ya mtoto kutoka, kuzuia mama asivuje damu. Anayekuja kukudunga nyumbani "ili uzae upesi" mfukuze.

Mapigo ya moyo wa mtoto yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Uchungu ukishakolea yanasikilizwa angalau kila nusu saa, na wakati wa kusukuma kila dakika tano. Andikeni kwenye karatasi kwamba mama au anayemsindikiza ana haki ya kuuliza: "Sista, moyo wa mtoto unapiga ngapi?" Swali hilo dogo humrudisha mhudumu kitandani hata zamu ikiwa na mama sita.

Halafu kuna chati ya uchungu. Mwongozo wa WHO wa 2020 unahesabu uchungu uliokolea tangu njia ikifunguka sentimita 5. Patografu, yaani chati ya zamani, ilianza na 4. Ugonjwa wa chati hii ni mmoja: inajazwa mtoto akishazaliwa ili faili ionekane safi. Chati ya hivyo haimsaidii mtu. Faida yake ni kumwonyesha mkunga saa nne usiku kwamba njia haijasogea, ili gari liitwe wakati huo, lisiitwe alfajiri. Kituo cha ngazi ya tatu hakina chumba cha upasuaji. Cha ngazi ya nne kinapaswa kuwa nacho, lakini kulizeni mapema kama daktari na mtu wa dawa ya usingizi wapo, maana jengo peke yake halipasui.

Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio, aliyeshonwa fistula (tundu la uzazi linalovujisha mkojo), na ambaye mtoto aliyetangulia alifia leba au hakulia: hawa wasianzie ngazi ya tatu. Wajifungulie penye upasuaji, na pesa ya usafiri iwekwe kando kuanzia mwezi wa saba.

Sasa dakika ya kwanza. Mtoto asiyelia anafutwa kwa kitambaa kikavu, kile kilicholowa kinatupwa, anafunikwa kingine, anasuguliwa mgongo. Asipopumua bado, anaanza kupewa hewa kwa begi na barakoa kabla dakika moja haijaisha, pumzi kama 40 kwa dakika, na jicho liko kifuani: kifua kisipoinuka, hewa haiingii. Hapo rekebisha barakoa na kichwa. Shingo iinuliwe kidogo tu, maana ukiikunja nyuma sana unaiziba njia uliyotaka kuifungua. Makosa ya kila siku ni kumning'iniza miguu juu, kumpiga makofi, kumwagia maji baridi, na kumfyonza koo tena na tena kwa mpira wakati sekunde zinakwenda. Kufyonza kwa kina kunaweza hata kushusha mapigo ya moyo.

Kila zamu ikianza, begi lijaribiwe: ziba mdomo wake kwa kiganja, bana, sikia valvu ikifunguka. Barakoa namba 0 na namba 1 ziwe mezani. Zikiwa kabatini na ufunguo uko kwa in-charge aliyekwenda mkutanoni, hesabuni kwamba hazipo.

Mfamasia_Jinja:

Sista amesema kweli, ila mgongo wazi hauzuiliki leba. Pale mmechelewa miezi minane.

Mfereji wa uti wa mgongo unafungwa siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Yaani hedhi ikichelewa wiki mbili, kazi imeshakwisha, vizuri au vibaya. Wanawake wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano na wanapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Vinawafaa kwa damu, lakini kwa mgongo wa mtoto vimechelewa. Kwa hiyo ujumbe huu si wa mjamzito. Ni wa msichana anayeolewa, na wa mama anayekwenda kutoa kijiti au kuacha sindano ya uzazi wa mpango ili azae tena. VHT akisikia neno "nataka kuzaa", hapo ndipo foliki inaanza: miligramu 0.4 kila siku, mwezi mmoja au zaidi kabla, mpaka wiki ya 12.

Mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa, miligramu 4 hadi 5 kwa siku kwa muda huohuo, kwa maelekezo ya daktari. Ulitaka namba za kuwajibu wazee: utafiti uliosimamiwa Uingereza na kutangazwa 1991 ulionyesha kuwa kwa akina mama wa aina hii, miligramu 4 kwa siku ilipunguza tatizo kurudia kwa takriban asilimia 70. Laana gani hiyo inayopungua kwa kidonge?

Kuna mtego hapa, na madukani unapuuzwa. Kidonge cha foliki kinachopatikana kwa wingi ni cha miligramu 5. Fansidar ya kukinga malaria kwa wajawazito inaua vijidudu kwa kuwanyima foliki. Mama akimeza miligramu 5 kila siku, nguvu ya Fansidar inapungua. Malaria ikikaa kwenye kondo, mtoto anazaliwa mdogo au njiti. Bahati nzuri ratiba zinapishana: kipimo kikubwa kinaishia wiki ya 12, na Fansidar inaanza wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mpigo, kisha kila mwezi, angalau mara tatu kabla ya kuzaa. Kuanzia hapo mama abaki na 0.4. Anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU hapewi Fansidar kabisa.

Mengine mawili kwa haraka. Valpro (sodiamu valproeti) ya kifafa inaongeza hatari ya mgongo wazi na inagusa akili ya mtoto. Mwanamke anayeitumia na anataka kuzaa abadilishiwe dawa na daktari kabla ya mimba. Asiache ghafla mwenyewe, kwani degedege la mfululizo linaweza kumwua. Na kaswende: kipimo cha tone la damu kliniki, kisha benzathini penisilini uniti milioni 2.4, angalau siku 30 kabla ya kuzaa ili mtoto ahesabiwe amekingwa. Mume asipotibiwa naye, mnajaza pipa lenye tundu.

Chanjo ya surua na rubela iliingia nchini kwa kampeni ya Oktoba 2019. Rubela kwa mtoto ni upele wa siku tatu, lakini ikimpata mama mwanzoni mwa mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na tatizo la moyo. Mjamzito hachanjwi, anakingwa kwa kuchanjwa watoto walio nyumbani.

Katibu_Busia:

Asanteni sana, mama na kaka. Maswali mawili. Mama mmoja anasema mwanawe alizaliwa salama, akalia vizuri, kichwa kikaanza kukua mwezi wa pili. Hapo leba ina lawama gani? Na mwingine mtoto wake aligeuka manjano siku ya pili, akaambiwa amwote jua la asubuhi. Sasa mtoto ana mikono inayojipindapinda na hasikii.

Daktari_wa_Watoto_Mbale:

Katibu, hao wawili wote walidhurika mwezi wa kwanza wa maisha, na mwezi huo ndio karatasi nyingi huusahau.

Kichwa kwanza. Katika nchi nyingi tajiri watoto wenye maji kichwani ama walizaliwa nayo, ama ni njiti waliovuja damu kwenye ubongo. Hapa Uganda kundi kubwa ni la watoto waliozaliwa wazima wakapata maambukizi wiki za kwanza: homa, kukataa ziwa, degedege. Bakteria wanaacha makovu ndani ya ubongo, maji yanakosa njia, kichwa kinavimba wiki au miezi baadaye, na hapo familia imeshasahau ile homa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa waliikuta bakteria ya jamii ya Paenibacillus kwa watoto wa hapa wenye tatizo hili. Kwa mzazi jina la bakteria si muhimu. Muhimu ni kwamba mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye joto la 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5, au asiyenyonya, au anayepumua mara 60 na zaidi kwa dakika, au aliyepata degedege, haendi duka la dawa. Anakwenda kituoni saa hiyohiyo. Kituo kikimpa rufaa, apewe kwanza dozi ya kwanza papo hapo, ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo na jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo, ndipo apande gari. Sindano ya kwanza ikisubiri Mbale au Tororo, ni saa nyingi za bure kwa bakteria.

VHT wapewe tepu ya kupimia kichwa, ile ya fundi cherehani inatosha. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha sentimita 35 hivi. Miezi mitatu ya kwanza kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata sentimita 1. Tepu ipite juu ya nyusi na kwenye kisogo kilichotokeza zaidi, ipimwe mara tatu, iandikwe kubwa kuliko zote. Kipimo kikipanda kuliko hapo, au utosi ukatuna mtoto akiwa ametulia ameketishwa, au macho yakaelekea chini kama jua linalozama, aende hospitali ya watoto ya CURE hapa Mbale. Wanafungua njia ya maji kwa kamera ndogo, na watoto wengi hawahitaji mpira wa kudumu kichwani. Lakini ubongo uliokwisha kubanwa miezi mingi haurudi wote, kwa hiyo msingoje mpaka kichwa kionekane toka barabarani.

Manjano. Siku ya kwanza, yaani ndani ya saa 24, manjano yoyote ni dharura. Siku yoyote ile, yakifika viganjani na nyayoni ni dharura pia. Kwa ngozi yetu usitazame mashavu: bonyeza ncha ya pua au ufizi kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki, na fanya hivyo mchana karibu na mlango. Taa ya njano ya ndani inadanganya. Manjano yakizidi yanaingia kwenye ubongo, yanagusa sehemu inayotawala mwendo na mshipa wa kusikia. Maelezo ya mtoto huyo, mikono kujipinda na uziwi, ndiyo sura yake hasa.

Jua la asubuhi halitoshi. Mtoto anawekwa dakika kumi, amefunikwa, uso tu nje, kisha anapoa au anaungua. Dawa ni taa ya buluu, mtoto uchi na macho yamefunikwa, akitolewa kwa kunyonya tu. Hata taa hizo huchoka: inawaka vizuri machoni lakini nguvu imekwisha, hivyo kituo kihesabu saa za balbu. Mama wa damu kundi O, na zaidi mama mwenye damu ya Rh hasi, wajulikane kabla ya kuzaa. Wa Rh hasi aliyezaa mtoto wa Rh chanya anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72, kwa ajili ya mtoto atakayefuata. Na dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vya kuweka katika nguo, visikae na nguo za mtoto. Watoto wengi wa maeneo yenye malaria wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD; harufu ya vidonge hivyo pekee inaweza kuvunja damu yao kwa kasi, na manjano yanapanda usiku mmoja.

Kwa njiti nitasema kidogo. Kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Akiwekewa oksijeni, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisomeke asilimia 90 hadi 95. Kikikaa 100 siku nyingi, macho yanaharibika, kwa hiyo aliyezaliwa chini ya kilo 1.5 apimwe macho akiwa na wiki nne hadi sita. Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 32, hospitali inaweza kumpa mama magnesiamu salfeti kabla hajazaa. Inapunguza mtindio wa ubongo. Hilo linawezekana tu mama akifika mapema.

Fizio_Kumi:

Naongezea lililobaki, la sindano. Mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita takoni. Sindano ikichomwa katikati ya tako la mtoto mwembamba, inaugusa au dawa inamwagika juu yake, na mguu unalegea siku hiyohiyo. Kwinini ina ubaya wa pili: ni kali kwa msuli. Mtoto aliyechomwa mara nyingi takoni, msuli unageuka kovu, na miaka baadaye hawezi kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja. Huku mashariki tumewaona wengi, ilhali siku hizi malaria kali inatibiwa kwa atesuneti. Mstari wenu uwe mfupi: "Sindano ya mtoto mdogo ni pajani, mbele kwa upande wa nje." Mzazi akatae tako. Na homa isiyo ya hatari, mtoto akiwa anameza na hatapiki, dawa yake ni ya mdomo.

Miguu iliyopinda kuzaliwa nayo hamwezi kuizuia, msiidanganye jamii. Kinachozuilika ni kilema. Wiki ya kwanza au ya pili ikiwezekana, plasta za Ponseti, za kuunyoosha mguu kidogo kidogo, zinabadilishwa kila wiki, mara tano hadi saba, kisha kano ya kisigino inakatwa kidogo kwa ganzi, plasta ya mwisho inakaa wiki tatu. Baada ya hapo viatu vya chuma: saa 23 kwa siku miezi mitatu, halafu usiku mpaka miaka minne. Plasta zinafanya kazi karibu kwa kila mtoto. Kinachoharibu ni kuvuliwa viatu, kwa sababu mguu umeshanyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema vueni. Mguu unarudi. Bibi aitwe kliniki naye.

Na kwa wale waliochelewa kulia: msingoje mwaka. Ngumi zilizofumbwa baada ya miezi minne, shingo isiyokaza kwa umri huo, miguu kujipinda kama mkasi akiinuliwa, au kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, mleteni. Ila mwambieni mama pia kwamba si kila aliyechelewa kulia anapata mtindio. Aliyenyonya vizuri siku ya pili, bila degedege, mara nyingi yuko salama.

Mkunga_Tororo:

Katibu, kabla hamjapeleka kuchapisha: kama mtaandika kitovu kipakwe klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), andikeni na mahali pa kuiweka. Tyubu yake inafanana na ile ya dawa ya macho ya tetrasaikilini, na klorheksidini ya asilimia 7.1 ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ya macho inapakwa leba mara moja na kubaki kwa mkunga. Mama asirudi nyumbani na tyubu mbili. Aliyeshikwa na uchungu uliokwama, hata kama mtoto amefia tumboni, asitoke wodini bila kuwekewa mpira wa mkojo. Ukikaa siku 14 kibofu kilichobanwa kinaweza kupona kabla tundu halijawa fistula. Mkiona mguu wake unaburuta baada ya kuzaa, huo nao ni mshipa uliobanwa na kichwa cha mtoto. Mpelekeni kwa fizio wiki hiyo.

Katibu_Busia:

Nimepokea, mama. Tutaweka karatasi mbili badala ya moja, ya pili ni ya wasichana na akina mama wanaotaka kuzaa, itabandikwa kwenye dirisha la uzazi wa mpango. Kaka Mfamasia, nitakuandikia kesho kuhusu maneno ya Valpro, nataka yasomeke bila kumtisha mtu akaacha dawa.